Puto la Albano na Kibali cha Kwenda Zuhura

Kwa miaka kumi na tisa Albano alikuwa na kazi moja: kujaza maputo ya hali ya hewa na kuyaachia yaende zao. Mwaka tisini na nne wakamwachia na yeye. Wenyewe waliita kupunguzwa. Wenzake waliopunguzwa wakafungua magenge, wakauza mitumba, wakafuga kuku wa mayai. Yeye alinunua madaftari matatu, akaketi kibarazani kwake Yombo, akaanza kuandika riwaya.

Ilikuwa riwaya ya mwaka elfu mbili na themanini. Watu wa Yombo wamehamia Zuhura, sayari ambayo chini kuna joto la kuyeyusha risasi na mawinguni kuna maji ya betri matupu. Kwa hiyo hawakanyagi chini. Wanaelea kilomita hamsini na kitu juu, ndani ya maputo makubwa, na huko joto ni kama la Dar mwezi wa Februari. Umeme haukatiki. Bomba linatoa maji kila siku. Msomaji wake pekee, mkewe Felicitas, alimwambia hapo kwenye bomba amezidisha uongo.

Felicitas aliuza karanga za kukaanga mbele ya nyumba, na karanga hufungwa kwa karatasi. Siku nyingi alikuwa ameyapigia jicho yale madaftari.

"Baba Herieth, nakupa mpaka Jumapili. Hizo nyumba za kuelea, nionyeshe hata moja ikielea. Usiponionyesha, Zuhura yote naifungia karanga."

Albano akachana mifuko mia mbili ya plastiki, rambo zile nyeusi, akaiunganisha kwa pasi ya mkaa. Jua lingepasha hewa ya ndani, puto lingepanda lenyewe bila gesi. Angelishika kwa kamba, mama watoto aone, kisha alishushe. Hesabu zote alizipiga, isipokuwa ya Balozi Mfaume.

Mzee Mfaume alikuwa balozi wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi viingie, hakuna aliyejua kama ni balozi wa chama, wa serikali, au wa nafsi yake. Lakini muhuri alikuwa nao. Jumamosi akaja, faili kwapani.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Hii rangi nyeusi ya chama gani?"

"Ya kushikia jua tu, mzee."

"Chama cha Jua. Kimesajiliwa?"

Albano akampa madaftari ajionee mwenyewe. Balozi akasoma midomo ikimcheza, kisha akanuna.

"Humu hamna balozi. Watu wanaelea hovyo, nani atajua nani kalala kwa nani?"

Palepale Albano akachomeka Balozi wa Maputo Kumi, mwenye puto lake binafsi.

"Kubwa kuliko yote," balozi akaongezea. Muhuri ukagongwa kwenye kibali cha kurusha puto, kwa sharti moja: kibali kiambatane na chombo muda wote.

Jumapili saa tano, jua limekaza, puto limelala uwanjani.

"Fundi, hilo turubai la msiba wa nani?" mtu akauliza, watu wakacheka.

Albano akafunga kibali kwenye mdomo wa puto kama alivyoagizwa. Puto likajikunja, likajinyoosha, likasimama wima. Likavuta kamba. Na mkono wake, wenye mazoea ya miaka kumi na tisa, ukaachia.

Likaenda zake, kibali kikipepea, kuelekea Gongo la Mboto.

"Kibali kiko wapi?" akauliza balozi.

Albano akanyoosha kidole juu.

"Basi hakipo. Na kama hakipo, kiserikali puto halijaruka."

"Halijaruka!" wadaku wakaitikia, shingo zote zimeelekea mawinguni.

Albano hakuwasikiliza. Alikuwa akimtazama Felicitas, aliyekaa na madaftari mapajani. Naye alikuwa bado ameangalia juu, mpaka kile cheusi kikabaki kama punje ya karanga. Akayachukua madaftari, akayafutika ndani ya khanga.

"Mie nimeliona," alisema.

Mteja akataka karanga. Karatasi hakuna. Felicitas akanyoosha mkono kwenye faili la balozi.

"Balozi, hizo karatasi za vitu ambavyo havijaruka, unazo nyingi?"