Mizizi ya Kichina ya kizunguzungu, na vidonge vya mama yangu

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka themanini na kitu, mjukuu ndiye anayenichapia. Sitatia chumvi, uchungu uliomo unatosha.

Jana mjukuu huyuhuyu kaniletea pakiti ya mizizi ya Kichina, eti dawa ya kizunguzungu changu. Nikaisukuma mbali.

Miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, tulikaa Temeke. Baba alikuwa karani, mtu wa bara. Mama akaanza kupata kizunguzungu, akienda jikoni anashika ukuta. Hospitali wakasema damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu.

Vile vidonge vikamfanya apate choo cheusi. (Ndivyo vilivyo, ila hakuna aliyetuambia.) Baba akasema vinamuozesha tumbo. Akanituma kwa mzee wa Kihindi mwenye duka mtaani kwetu, aliyeuza mizizi ya Kichina. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Mzee wa watu hakunidanganya.

"Binti, hii hata mie nakunywaga. Ila mwambie baba, vidonge vya hospitali mama asiache."

Nafika nyumbani, baba keshavitupa chooni.

"Dawa mbili hazikai tumbo moja," akasema.

Kwetu binti hambishii baba. Maneno ya mzee wa duka nikabaki nayo, nikabandika sufuria.

Nilichemsha asubuhi na jioni. Mama akinywa ananisifu, eti nina mkono mwepesi. Wiki ya kwanza alisema kapata nafuu. Ya tatu midomo ilikuwa myeupe. Akafa kabla hatujamrudisha hospitali.

Tangu hapo nikaichukia mizizi ya Kichina. Ilikuwa rahisi zaidi kuichukia hiyo.

Juzijuzi nilimuuliza daktari wa kliniki yangu ya presha kama inafanya kazi. Akasema baadhi imefanyiwa utafiti, lakini tafiti nyingi ni ndogo na dhaifu, hawezi kuniapia kwamba inatibu.

"Na kizunguzungu ni dalili, bibi. Kwanza tujue kinatoka wapi."

Cha mama kilijulikana kinatoka wapi. Mzee wa duka alinipa mizizi na maneno. Mie nikafikisha mizizi tu. Baba naye kafa hajui.

Haya, mwenye mgonjwa wa kizunguzungu aseme hapa chini anakunywa nini, na kama hospitali wanajua. Nitasomewa yote.

Na ukiagizwa neno, lifikishe, hata kama baba atakasirika.