Ukuta wa Mzee Nyundo

Mzee Nyundo alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwuliza kama chai imekolea sukari, "Sawa." Ukimwambia mvua inakuja, "Sawa sawa." Majirani walimsifu kwa upole, na wake za watu walimtolea mfano kwa waume zao. Mkewe peke yake ndiye aliyejua siri ya upole ule: mzee hasikii, ila ukimsemea sikioni. Kazi ya kunyoosha bodi za magari, nyundo mkononi kutwa nzima, ilimpa jina na ikamla masikio.

"Watoto wakijua wataanza kunilisha kwa kijiko," alimwambia mkewe. Naye mkewe, mpishi wa shule mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha bwalo zima, akamfichia aibu yake kama mtu anavyogeuzia ukutani pengo la kikombe anachokipenda.

Dawa yao ilikuwa ukuta. Kiti cha mzee kilikaa sebuleni, mgongo wake umeegemea ukuta wa jikoni. Bibi alipomtaka, aligonga upande wa pili kwa mpini wa mwiko. Mara moja: njoo ule. Mara mbili: kuna mgeni, vaa shati. Mara tatu: yaishe. Maana hawa wawili waligombana, tena vizuri. Anayekwambia mapenzi ya siku nyingi hayana kelele hajakaa ndani ya ndoa. Mzee aliusikia mwiko kwa mgongo. Zikija tatu naye alijibu tatu kwa kiwiko, na ugomvi ukaishia hapo bila mshindi.

Basi binti yao akarudi nyumbani na mume na watoto, nyumba ikawabana. Binti alikuwa mtu wa mipango. Akaitisha kikao, akaeleza: paa liinuliwe, na huko darini iwe sebule moja pana isiyo na ukuta hata mmoja, yenye madirisha kwenye paa, mwanga mpaka uchoke mwenyewe. Chini, wajukuu wapate chumba. Ukuta wa jikoni uondoke, ngazi ipite hapo.

"Baba, ukuta huo tunaubomoa. Unasemaje?"

"Sawa sawa," mzee akasema, akitabasamu.

Bibi, aliyekuwa akimimina chai, nusura birika limponyoke. Binti, mumewe na watoto walipotawanyika alimsogelea mumewe sikioni. "Umekubali kubomoa ukuta wetu!"

"Mimi? Lini?"

"Sasa hivi, mbele ya mashahidi. Twende tuwaambie ukweli."

"Hatuendi. Nimesema sawa, basi sawa. Afadhali niukose ukuta kuliko nionekane gogo ndani ya nyumba yangu."

"Na mimi je? Nikikutaka nifanyeje, nikutumie barua?"

Mzee akanuna, bibi akanuna. Chakula kikaletwa kwa mkono na kuwekwa mezani kwa kishindo ambacho mzee hakukisikia. Mwiko ukakaa kimya, na bibi aliumia, kwa sababu alijua ukuta utaanguka wakiwa bado wamenuniana.

Siku ya fundi kuja kukagua, binti alimwingiza jikoni, mama yake akiwa jikoni hapo hapo anakoroga mchuzi. Fundi alitaka kujua mabomba yamepita wapi. Akachukua nyundo akagonga ukuta: ngo, ngo, ngo.

Sebuleni mzee akaruka kitini. Akaingia jikoni mikono imefunguka, akampita fundi kana kwamba ni kabati, akamkumbatia mkewe. "Yameisha, mama, yameisha! Hata mimi nilizidi."

"Mzee, nilikuwa napima tu," fundi akajitetea.

"Baba," binti akaita nyuma yake. "Baba!"

Mzee hakugeuka. Binti akaita tena, kwa nguvu, hadi fundi akashtuka. Ikabidi bibi amshike mzee bega na kumgeuza polepole, na alipouona uso wa mwanawe, mzee alijua kwamba siri imekwisha.

"Kumbe sawa zote zile," binti alisema, machozi yakimtoka. "Nilipokuambia nimepata mchumba. Nilipokuambia nimekukumbuka sana. Hukusikia hata moja. Na wewe mama ukajua! Mmenifanya mpita njia katika nyumba niliyozaliwa." Akatoka.

Ukuta ulibomolewa. Mzee mwenyewe alishikilia. Neno lake lilikuwa limeshatoka. Dari likawa zuri, tusiwe wachoyo wa sifa: mbao chini mwanzo mpaka mwisho, anga juu ya kichwa, wajukuu wakiteleza kwa soksi. Kiti cha mzee kikawekwa katikati, hakina pa kuegemea. Binti alikuwa akimhudumia baba yake kwa adabu, adabu ile ya ofisini. Bibi akapanda na kushuka ngazi kumwita mumewe, magoti yakilia, moyo nao ukilia. Nyumba nzima ilikuwa wazi na yeye hakuwa na pa kubisha.

Siku moja chakula kilikuwa kinapoa na hasira zikampanda. Akaitandika nguzo ya ngazi kwa mwiko, mara moja, kwa uchungu tu.

Mzee akatokea juu ya ngazi. "Nakuja. Mbona unaniita kama moto umewaka?"

"Umesikia?" bibi akauliza, akionyesha sikio lake.

"Kwa nyayo," mzee akasema, akizishangaa nyayo zake. Mbao za juu zilishikana na ngazi, na ngazi ilifika jikoni. Bibi akaketi kwenye ngazi ya chini, akacheka hadi akalia.

Wakarudia mazungumzo yao. Jioni moja walikuwa wote wawili darini, bibi anashona soksi ya mjukuu, mzee ameweka miguu mbaoni. Ghafla mzee akacheka.

"Yameisha, mama, ingawa leo hujanikosea kitu."

"Nimefanya nini?" bibi akamwuliza sikioni.

"Si umegonga? Mara tatu."

Akamtazama. Mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa kwenye soksi na sindano.

"Kama wewe uko hapa," mzee akasema polepole, "nani yuko jikoni?"

Bibi alishajua ni binti, na kwa machozi hakuona tena tundu la sindano. Mzee akavua ndala. Akainua kisigino, akapiga mbao mara tatu, kisha, asije akawa hakueleweka, akaongeza tatu nyingine.