Kura Yangu kwa Mzee wa Uyunani

Tangu mume wangu afariki nakaa peke yangu hapa Gungu, na jioni naongea na sufuria. Watoto hatukujaliwa. Majirani wananiamkia, shikamoo bibi, marahaba, basi, wamepita. Mtu akiniuliza ndugu zangu wako wapi, namwonyesha ziwa. Wako ng'ambo, Kongo, na sikwenda nao kwa sababu ya mzee mmoja wa Uyunani aliyekufa kabla hata ya Yesu kuzaliwa.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na zama zile za Ujamaa walimu waliambiwa wafundishe na watu wazima. Kijijini kwetu, kando ya ziwa, wanafunzi wake walikuwa wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, basi hizo ndizo zilikuwa siku zake za darasa. Wenzake walifundisha a, e, i, o, u wakaenda zao. Yeye akishamaliza hayo anawapa habari za Wayunani wa kale. Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu, kichwa kigumu.

Siku moja akawasimulia habari za mzee aliyehukumiwa kunywa sumu kwa sababu ya maneno yake tu. Rafiki zake wakamwandalia njia ya kutoroka gerezani. Akakataa: sheria za mji huu zimenilea, leo zimenigeukia ndipo nizikimbie? Mume wangu akaweka vyungu viwili, kila mtu atie kokoto: abaki au atoroke. Hata mimi nikapewa. Darasa zima likamtorosha. Kwenye chungu cha kubaki kulikuwa na kokoto yangu tu. Mume wangu alifurahi sana, wala hakuniuliza sababu. Mimi niliwaza tu, mzee wa umri ule atakula nini kwa watu asiowajua?

Haukupita muda ikaja amri ya kuhama: wote tupande juu, kwenye kijiji kipya, mbali na maji. Eti mvuvi akalime maharage. Sisi asili yetu ni Kongo, na kaka zangu wakasema kama ni kuhama, tutahamia kwetu. Mume wangu akasema yeye haendi, nchi hii ndiyo iliyomsomesha. Nikafungua mdomo niseme langu, akanishika bega.

"Wewe msimamo wako tunaujua," akasema. "Darasa zima, ni wewe tu uliyeelewa."

Iliniuma, maana alisema kwa fahari, na mtu anayekusifu utamkatalia vipi?

Asubuhi ya safari niliingia majini hadi magotini kumpa mama kifurushi cha mihogo. Kaka zangu walikuwa wameshashika makasia. Pembeni ya mama palikuwa na nafasi, wameiacha wazi makusudi. Mume wangu alisimama mchangani na hakunizuia, Mungu shahidi. Hakuwa mtu wa kumfunga mtu. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, achana na maneno ya mwalimu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Maishani mwangu sikuwahi kuulizwa swali hilo. Na jibu nilikuwa nalo, limenijaa kifuani. Nikageuka nyuma, nikamtazama mume wangu anijibie.