Nilijificha Kwenye Mti Ulioanguka, Mama Mkwe Akiokota Kahawa

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Nimelibeba tangu miaka ya themanini, na mke wangu amechoka kunisikia nikiguna kila tukipita kwenye kile kisiki. Ameniambia niandike nitue mzigo. Basi nisikilizeni.

Nilikuwa kijana wa kuvimba kichwa, mwenye baiskeli nyeusi iliyong'aa kuliko viatu vya mwalimu mkuu. Nyuma, kwenye madigadi, nilikuwa nimening'iniza kipande cha raba chenye maandishi meupe: SIMBA WA GITHONGO. Nani alinipa cheo hicho? Mimi mwenyewe!

Jumamosi ya wiki ninayoisimulia wazee wetu walikuwa waende kwao Kinya, msichana niliyempenda, kuzungumza mahari. Suruali yangu mpya ilikuwa kwa fundi sokoni. Alhamisi ikaja mvua ya upepo, ikaangusha mikima, ile miti ya mipakani, barabara nzima. Ijumaa asubuhi nikatoka hivyo hivyo kuifuata suruali. Nikikuta mti, nabeba baiskeli begani, naupanda, nashukia ng'ambo, nakanyaga tena nikipiga mluzi. Mti wa tatu ulinichania kaptura huko nyuma. Sikujali, nani angeniona?

Mti wa tano ulikuwa jitu, umelala kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa katikati ya matawi nilipomwona Mama Kinya anakuja kutoka upande wa pili, gunia la kahawa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akielekea fakitori, kiwanda kinachopima na kumenya kahawa.

Kwetu, mama wa msichana unayemposa hukutani naye uso kwa uso hivi hivi njiani. Unampisha, unainamisha macho, ikibidi unaingia kichakani. Na mimi hapo nina kaptura iliyopasuka! Nikalaza baiskeli, nikajikunja ndani ya majani, nikajiambia hiyo ndiyo heshima.

Heshima gani jamani! Yule mama alitua gunia, akalisukuma juu ya shina, likateleza, likafumuka mshono. Kahawa yote ikamwagika matopeni. Na kahawa iliyochumwa leo lazima ipimwe leo. Ikilala inachacha, na fakitori wanaikataa. Akapiga magoti, akaanza kuokota tunda moja moja, akipangusa kwa leso.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na mikono yangu miwili mizima. Siafu walinipanda mpaka shingoni. Sikutoka.

Alipomaliza alifunga gunia upya, akasimama kupumua. Macho yake yakatua mahali. Nikayafuata: kile kipande cha raba kilikuwa kinaning'inia nje ya majani! Kisha nikatulia. Kila mtu alijua Mama Kinya hajui kusoma, hata fakitori alikuwa akiweka kidole gumba. Alikitazama kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza, halafu akaliburuta gunia chini ya shina, akajitwika na kwenda zake.

Jumamosi nilifika nimenyooka kama suruali yangu. Wazee walikubaliana kuhusu mbuzi, asali na blanketi. Mjomba wangu alikuwa ameshaokota kofia yake wakati Mama Kinya alipoingia na daftari mkononi. Watu wakashangaa, maana hapo palikuwa mahali pa wazee wa kiume.

Sikuwa najua kwamba tangu mwaka uliotangulia alikuwa akienda ngumbaru, yale masomo ya watu wazima kanisani. Akafungua daftari, akaweka kidole chini ya neno, akasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Sho-ka. Mo-ja."

Wazee wakatazamana. Akageuza ukurasa.

"Si-mba. Wa. Gi-tho-ngo."

Nilitamani sakafu inimeze. Mjomba akauliza kwa adabu maneno hayo yana maana gani. Mama Kinya akafunga daftari. Hakunitazama, alishika desturi vizuri kuliko mimi.

"Mbuzi yenu sina maneno nayo," akasema. "Lakini huyu alikuwa kwa majani, na mimi nikiwa kwa matope. Huo mti ukitoka kwa barabara, msichana atatoka kwa nyumba."

Hakuna mzee aliyempinga. Baba Kinya alikuwa anatazama dari, mabega yakimtikisika. Na jikoni nikasikia kicheko ninachokijua, cha Kinya mwenyewe.

Nilikata ule mti siku nne, kwa shoka moja kama ilivyoandikwa! Viganja vilichubuka. Wenye baiskeli walikuwa wakifika, wanabeba baiskeli zao juu yangu, wananiuliza simba ameanza lini kula kuni. Nilicheka nao, ningefanya nini?

Siku ya nne Mama Kinya alileta uji, akauweka juu ya kisiki, akageuza uso, akarudi kuchuma. Niliunywa machozi yakinitoka, sijui ya aibu au ya furaha. Jioni hiyo, baiskeli ya kwanza kupita pale bila kubebwa ilikuwa yangu, gunia lake la kahawa likiwa kwenye keria, yeye akitembea mbali nyuma yangu kama inavyotakiwa.

Vijana mnaokwenda kwa wakwe, nawaonya. Ukikuta mti njiani na mtu mwenye mzigo, toka usaidie, hata kama kaptura imepasuka. Inamisha macho ukipenda, lakini shika gunia. Tuliambiwa tumpishe mama mkwe. Hatukuambiwa tumwache.

Jina langu sijaliweka. Lakini yule mama bado yuko, miwani puani, na siku hizi anasoma gazeti lote mpaka matangazo ya mbolea. Akifika hapa atanijua. Mama, lile shoka bado nalinoa.