Mume Wangu Alishinda Mnada wa Mayai Kanisani, Mwanangu Hakuonja Hata Moja

Admin, nakuomba unifiche vizuri, maana Makambako wapita njia ni wengi lakini sisi wa usharika mmoja tunajuana mpaka rangi ya mapazia. Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Mdandu, nimeolewa hapa mjini na mfanyabiashara wa mbao. Tuna mtoto mmoja wa kike, hajafikisha miaka miwili. Naandika huku nalia, nikikosea maneno mnisamehe.

Mwanangu haongezeki uzito. Mara ya mwisho kliniki nesi alimpima, akampima tena. Akaniambia, "Mama, Njombe hii chakula hatukosi, ila watoto tunawashibisha viazi na ugali basi. Huyu anaanza kudumaa. Jitahidi kila siku apate yai."

Jioni nikamweleza mume wangu, akacheka. "Yai kila siku? Umeuliza bei wewe? Mimi nimekulia viazi na maharage, mbona nabeba magogo?"

Ni kweli bei imepanda, sikatai. Nikienda dukani naambiwa, "Dada, chakula cha kuku kimepanda, hata mimi nauziwa ghali." Yai la mia tatu sasa ni mia tano, tena yamekuwa madogo utadhani na kuku wanabana matumizi. Nilikuwa na kuku wangu wa kienyeji, ugonjwa wa kideri ukapita mtaani wakaisha wote. Nilikuwa nakaanga viazi pale yanapoegeshwa malori, mume wangu akanikataza, eti madereva wananizoea. Kwa hiyo hata hela ya yai moja lazima nimuombe yeye, na nikiomba naambiwa napenda anasa. Anasa gani jamani, ya yai?

Na mume wangu si maskini, wala huko nje si mchoyo. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kwenye harusi, msiba, ujenzi wa kanisa, jina lake lazima litajwe, na akitajwa mara moja anaongeza ili atajwe tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji ya mgema wangu tunayanywa mimi na mtoto.

Jumapili iliyopita tulikuwa na sikukuu ya mavuno. Walutheri wenzangu mnajua, ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vilivyotolewa sadaka vinanadiwa na hela inabaki kanisani. Kulikuwa na mahindi, maparachichi, majogoo, na bibi mmoja mjane alikuwa ametoa trei ya mayai. Mume wangu akanyoosha mkono. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akapandisha bei. Mume wangu naye akapandisha. Wakaendelea hivyo, watu wanashangilia, bei ikapita ya dukani mara tatu, mara nne. Mimi nipo nyuma, mtoto mgongoni. Nilijua kabisa yale mayai ni ya kwetu. Nilisema moyoni, kumbe alinisikia. Nikatoa kanga ya begani nikaikunja ili nije nibebee trei.

Mwenzake akakubali kushindwa. Mume wangu akasema kwa sauti, "Na hiyo trei mpelekeeni mama mchungaji!"

Vigelegele vikapigwa. Mimi nimesimama na kanga yangu mkononi.

Sijui nini kilinipanda. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya mama mchungaji, nikamwambia polepole, "Mama, naomba unigawie mawili tu. Mwanangu anadumaa na nyumbani hatununui mayai." Sikujua kama mnadishaji alikuwa amesimama nyuma yangu na kipaza sauti kiko wazi. Maneno yangu yalisikika mpaka barabarani. Mama mchungaji akanikabidhi trei nzima huku machozi yanamtoka.

Hatukufika nayo nyumbani. Njiani mume wangu aliichukua mikononi mwangu, akairudisha mwenyewe kwa mchungaji, akasema sadaka yake hawezi kuila. Tangu hapo hasemi na mimi. Alimpigia simu mama yake, akaja kutoka Matembwe.

Mama mkwe si mtu mbaya, tatizo ndilo hilo. Alinikalisha jikoni akaniambia, "Mwanangu, umemvua nguo mumeo mbele ya usharika. Jumapili utasimama, utasema ulidanganya kwa hasira, mtoto nyumbani anakula mayai."

Nikamwambia, "Lakini hayali, mama. Mwangalie mikono yake."

Akamwangalia, akainamisha kichwa. "Nina macho. Lakini nyumba haijengwi kwa kusema kila kitu. Usiposimama, mumeo amesema urudi kwa baba yako Mdandu. Na mtoto anabaki, ni wa ukoo wetu."

Jamani, maji yamenifika shingoni. Tangu siku ile mama mchungaji anapita uani kwangu kila asubuhi na mayai mawili kafunga kwenye kitambaa. Mwanangu anayala mpaka analamba vidole. Hapa nilipo nimefua kitenge changu cha ibada, kipo kwenye kamba, kimeshakauka na sijakianua.

Nikisimama Jumapili nikasema mwanangu anakula mayai nyumbani, mama mchungaji ataleta tena ya nini? Nisiposimama, nafukuzwa, na mtoto anabaki na baba ambaye mayai anayanunua mbele za watu tu. Mume nampenda, sitaki kudanganya. Ila nikifumba macho namuona nesi anampima mwanangu mara ya pili. Ninyi mliolea na mlioolewa, nawapigia magoti kama nilivyompigia yule mama: Jumapili nikipewa kile kipaza sauti, niseme nini?