Doa Jeusi kwenye Bamba la Shangazi

Shangazi yangu, aliyenilea, anakata granaiti za meza za jikoni, na mashine yake inapiga kelele kuliko grupu la ukoo likipanga harusi. Jiwe likiwa na doa, anakata tundu la sinki hapohapo, mchezo kwisha. Ila jana bamba lilitokea na doa jeusi, kubwa kama kiganja, mbali kabisa na sinki, na mwenye jiko alikuwa njiani.

"Atalikataa, na jingine kama hili sina," akasema shangazi. "Haya, msomi wa mawe, umetafuna vitabu vya kutosha. Mtetee shangazi yako."

Mteja alipofika, akakunja uso.

"Mama, huo si uchafu," nikamwambia. "Chini ya volkano kulikuwa na uji wa mawe, mweupe na mzito. Ukaja mwingine mweusi, wa moto zaidi, ukauingilia. Mwingi ulichanganyika, ndiyo hii rangi ya kijivu. Hili bonge likapoa upesi, likaganda kabla halijachanganyika."

"Kwa hiyo liligoma?"

"Liligoma nusu. Ona kingo zake zilivyoanza kulegea."

Akalipapasa, akacheka. "Kama mume wangu siku za kwanza ukweni. Liacheni, hapo ndipo nitamwekea chai yake."

Alipoondoka, shangazi akanishika bega kwa mkono uliojaa vumbi. "Asante, mwanangu."

Mkono huohuo ndio ulionisomesha, halafu eti yeye ndiye anashukuru.