Madoa Saba ya Kaswera

Chwaa! Maharagwe yalimwagika kwenye sinia la bati. Kwa sauti hiyo mama yake alimfundisha Kaswera kazi, huko Lubero: punje nzima hulia, iliyobunguliwa hukohoa. Baadaye, kwenye depo lake la maharagwe huko Kabondo, wanunuzi walimwona akifumba macho, akisikiliza, kisha akikataa gunia zima.

Kufumba macho kulikuwa na sababu nyingine. Kipandauso kilimjia tangu usichana: kwanza mstari wa mwanga uliovunjikavunjika pembeni mwa jicho, halafu nyundo upande mmoja wa kichwa. Kila mara alijifunika kitenge usoni, akajilaza nyuma ya magunia.

"Weye unakimbia jua sawa popo!" jirani yake Agathe alimtania. "Tukutundike juu ya muti?"

"Munitundike, bora munyamaze."

Wakacheka wote wawili, Kaswera ameshika kichwa.

Mama yake naye aliumwa vivyo hivyo. Uzeeni alimkuta Kaswera mlangoni, akamuuliza ni mgeni wa nani.

Mwaka huu, alipokwenda Kampala kununua bidhaa, Kaswera alirudi na picha ya ubongo wake. Daktari Constant aliiinua dirishani. Katika ukijivu ule kulikuwa na madoa meupe, madogo, saba. Kaswera alijua punje yenye madoa ina nini ndani.

"Docta, sema tu. Madudu iliingia?"

Daktari alitaka kucheka, akaacha. "Apana, mama. Alama hizi tunazikuta mara nyingi kwa watu wa kipandauso. Wengi wanaishi nazo bila shida."

"Donc, basi, sitasahau kama mama?"

"Picha haisemi hivyo. Lakini kukuapia, siwezi."

Njia nzima, juu ya pikipiki, alimwaza Précieuse. Binti yake huyo alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Picha zake zilizama pamoja na simu mtoni, kule Yanonge. Liévin, mumewe, hakulitaja tena jina lile tangu mazishi. Mtoto alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu pa kukaa, ndani ya kichwa hiki kinachouma.

Alimkuta Liévin akishona gunia lililopasuka. Akaketi karibu, akaitoa sindano mkononi mwake.

"Ngoja nimalize, mama."

"Apana. Sikiliza." Sauti ilishuka hata mumewe akalazimika kuinama. "Précieuse alikuwa analala na kiatu moja mu muguu. Ile ya kushoto. Ushike na weye mu kichwa."